Mgeni Kwao

Mume wangu Isihaka alikaa Mazinde miaka thelathini na minne, kwenye mkonge, na miaka yote hiyo wimbo wake ulikuwa mmoja: akistaafu anarudi kwao Handeni. Mwaka tisini na nane shamba likapata mmiliki mpya, wazee wakaambiwa wapumzike. Nikamfuata. Mimi Mshambaa wa Magoma, Handeni nilikuwa naijua kwa kupita tu, na nilinuna njia nzima.

Tulipokelewa kwa wali na kuku. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na siku ya tatu wifi yangu Maryamu akanipa langu kweli, bila hata kutabasamu.

"Wifi, mvua haitusubiri."

Nilimchukia mpaka mchana. Lakini tulilima pamoja, tukapanga foleni ya maji pamoja, tukasengenya pamoja, na mwaka wa pili nilikuwa nagombana kisimani kwa Kizigua.

Isihaka yeye aliletewa kiti. Kila aendako, kiti. Mazinde alikuwa Nyapara Isihaka, hata watoto walimjua kwa kikohozi chake; hapa kijijini kwa baba yake wakamwita mzee wa Mazinde. Shauri la ukoo likizungumzwa, akitokea tu wanahamia Kiswahili na kumuuliza hali ya afya. Nilimtania: "Wenzio wanatafuta kiti kwa kampeni, wewe unapewa bure." Hakucheka. Nilipaswa kuliona hilo mapema.

Kisha akafariki Mustafa, binamu yake aliyechunga naye mbuzi utotoni. Wanaume wakaenda kuchimba kaburi, wazee wa rika lake wakipokezana jembe. Isihaka naye akalishika. Kijana mmoja akamtoa jembe mkononi kwa adabu zote: "Shikamoo babu. Wewe mgeni wetu, pumzika."

Alinisimulia mwenyewe aliporudi, machozi yakimtoka. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona akilia.

"Mama Tatu, turudi Mazinde. Nikifa nizikwe na watu wanaonijua."

Nilikasirika, sitaficha. Mahindi yangu yalikuwa yanatoa mbelewele. Nilitaka kumwambia aende peke yake, maana yeye alikuwa anarudi kwao, mimi ndiyo kwanza nilikuwa nahama kwetu. Ila nilimtazama usoni, nikaona huyu akibaki hapa atakufa kwa unyonge, na ninampenda. Nikamwambia tutaondoka nikishavuna.

Siku yenyewe walitusindikiza hadi kwenye basi, nusu ya kijiji. Isihaka wakampa mkono mmoja mmoja: "Karibu tena, mzee. Karibu sana."

Maryamu hakuniaga mimi. Alinishika upindo wa kanga, akaniuliza kwa hasira, "Unarudi lini?"