Njaa Iliyohama

Jumatatu asubuhi Mama Kantini alipanga makreti ya mkate kando ya kaunta, akafungua dirisha la kuuzia na kumimina chai kwenye birika kubwa. Wanafunzi wa chuo walikuja kama kawaida, wakachukua vikombe vyao, wakaenda kukaa. Mkate hawakuugusa. Mmoja, ambaye alizoea kununua nusu mkate na kuumaliza akiwa bado amesimama, aliutazama, akameza mate, akaomba aongezewe sukari.

Mkate huo ulitoka kwenye kiwanda cha Mheshimiwa, mbunge na mweka hazina wa chama kinachotawala. Ngano yake ililimwa mahali palipokuwa na nyumba za watu, mpaka chama kilipoamua kwamba watu hao walikuwa wameivamia ardhi waliyozaliwa juu yake. Wanafunzi walikutana uwanjani wakakubaliana kuususia. Aliyesoma azimio alikuwa binti wa Mama Kantini. Kila mtu alimwita Spika kwa sababu hakuhitaji kipaza sauti.

"Umenisusia mimi," mama yake alimwambia.

"Nimemsusia yeye, Mama."

"Yeye hayupo hapa. Hapa nipo mimi na makreti."

Ilipokaribia saa nne, wakati ambao darasa zima husikiliza matumbo kuliko mhadhiri, hakuna aliyekuwa na njaa. Walidhani ni msimamo. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Njaa yao ilikuwa imehama.

Ilimkuta Mheshimiwa kikaoni. Alikuwa ametoka kunywa chai nzito nyumbani kwake, lakini alikula biskuti zilizokuwa mbele yake, kisha za jirani yake, kisha akaomba udhuru. Daktari wake alimwekea kipimo tumboni, akasikiliza kwa utulivu, akasema anasikia watu wengi, na mmoja anayepiga kelele kuliko wenzake.

"Wanasema nini?"

"Hawataki mkate wako."

Akamshauri ale.

Mheshimiwa alijaribu nyama, akajaribu wali na matunda. Vyote vilishuka kana kwamba amekula picha za chakula. Kilichotulia tumboni kilikuwa mkate wake mwenyewe, tena ule tu uliokuwa umekataliwa. Dereva akamleta kantini.

Alikaa meza ya karibu na sinki, akakunja mikono ya shati, akaanza. Spika alipoingia na kumkuta, alimwamkia, kwa sababu mgomo ulikuwa wa mkate, haukuwa wa adabu.

"Marahaba," Mheshimiwa alisema, akajigusa tumbo. "Wewe ndiye unayepiga kelele humu?"

"Mimi ndiye."

"Unaweza kupunguza kidogo jioni? Nashindwa kulala."

"Rudisha mashamba ya watu."

Alitaka kumjibu, lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Akawa anakuja kila siku. Kiwanda kilichokuwa kimejiandaa kupunguza wafanyakazi kikaongeza zamu, na lori la mkate likaanza kuja asubuhi na mchana. Kamati ya wanafunzi ilikaa kulijadili suala hilo.

"Tukila tunamtajirisha," Spika alisema. "Tusipokula anajitajirisha."

"Lakini si anatumia pesa yake mwenyewe?" mwenyekiti aliuliza.

"Inatoka mfuko wa kushoto, inaingia wa kulia."

Hakuna aliyekuwa na wazo bora. Wakapiga kura na mgomo ukaendelea.

Bibi yake Spika alikuwa akiishi nao katika kichumba cha nyuma ya kantini tangu alipohamishwa, akisaidia kuosha vikombe. Siku moja alifuta mikono, akajimiminia chai, akavuta kiti mbele ya Mheshimiwa.

"Mwanangu, mimi niliishi pale unapolima."

"Pole sana, mama yangu. Suala lenu liko mezani."

Bibi akaitazama meza. "Basi lisogeze kidogo, nisije nikalimwagia chai."

Mheshimiwa akasogeza kreti.

"Nyumba imeshakwenda, siiombi," Bibi alisema. "Mume wangu amelala kule upande wa mtoni. Kaburi limeota majani, na mlinzi wa geti hataki nipite. Nataka nikapalilie, basi."

Mheshimiwa hakuwa mtu mgumu kuzungumza naye. Machozi yalimlengalenga. Alisema hilo ni jambo dogo, simu moja tu, akapeleka mkono mfukoni. Mkono ulifika njiani ukageuka, ukachukua slesi. Akajaribu mkono wa pili. Nao ukafanya vivyo hivyo.

"Unaona, mama," alisema akitafuna. "Hawaniachii nafasi."

Bibi akageuka kumtazama mjukuu wake.

Spika alikuwa amesimama kando ya friji. Alikaa hapo kitambo akiuma kucha, jambo ambalo mama yake hakuwa amemwona akilifanya tangu utotoni. Kisha akatoka nje na kuwaeleza wenzake. Aliwaeleza kwa sauti ya chini, nao wakajua kwamba mambo ni mazito. Wakaingia wakapanga mstari. Mama Kantini akampa kila mmoja slesi. Walitafuna wakiangalia sakafu. Mkate ulikuwa mtamu, na hilo liliwaudhi zaidi.

Mheshimiwa akaacha kula. Alinyoosha mgongo, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo, akatoa simu na kumpigia meneja wa shamba.

"Kuna mama mmoja hapa," alianza, kisha akanyamaza kusikiliza. Meneja alikuwa na habari njema. Mkate ulikuwa unanunuliwa kuliko wakati wowote tangu kiwanda kifunguliwe, na ngano ilikuwa haitoshi.

"Kweli?" Mheshimiwa alisema. "Hongereni sana. Basi limeni mpaka mtoni."

Wanafunzi waliokuwa bado na mkate mkononi wakauweka chini. Njaa ikarudi ilikokuwa. Mheshimiwa akaweka simu, akavuta kreti.

"Nilikuwa nasema nini, mama yangu?"

"Ulikuwa unakula," Bibi alimjibu, akarudi kwenye vikombe.

Trekta lilipokuja, Spika na wenzake walikwenda wakasimama getini mpaka polisi walipowaondoa. Lililima mpaka ukingo wa mto, na kaburi likaenda pamoja na majani yake. Chuo kikamsimamisha Spika masomo kwa kosa la kula katika mkusanyiko usio na kibali. Akakaa dirishani akimsaidia mama yake kuuza chai. Wenzake waliendelea na mgomo, na waliojiunga na chuo baada yao wakaukuta na kuuendeleza. Uchaguzi ulipofika Mheshimiwa alishinda. Alikula kiapo, ambacho nacho hakikumshibisha, akaja moja kwa moja kantini akiwa bado amevaa tai.

Ngano ya upande wa mtoni ilivunwa, ikasagwa, ikaokwa. Siku mkate wake ulipofika, dereva wa lori alimwambia Mama Kantini kwamba kreti la juu lilitoka shamba jipya. Bibi alisikia. Akanunua mkate mmoja wa kreti hilo, akakaa meza ya Mheshimiwa kwa kuwa nyingine zilikuwa zimejaa, akakata kipande. Alikitafuna polepole sana, kama anayetafuta jiwe.

Spika alimwona kutoka dirishani.

"Bibi," alimwambia, "si tumegoma?"

"Najua, mjukuu wangu. Mimi sili. Namtembelea babu yako."

Spika akamletea chai. Mheshimiwa akasogeza kiti ili Bibi apate pa kunyoosha mguu, akachukua mkate mwingine kutoka kreti la juu.