Kifuko cha Tisa

Mghoi analala adhuhuri chini ya mgunga, mkono juu ya macho. Nyavu zimefungwa, ndege wamevishwa pete za utafiti miguuni na kuachiliwa, kazi imekwisha, au ndivyo anavyodhani. Asubuhi alitundika kwenye kamba vifuko tisa vya kitambaa, kila kimoja na ndege wake, na amefungua vinane. Uchovu umemlia hesabu, na usingizi hauulizi, unamchukua.

Anaupita wavu kama anayepita moshi, na sasa yuko kwenye barabara isiyo na mwisho, miji ya kwao imejipanga kandoni, kila mji na mwenzake kichwa chini majini, na mbele yake anatembea mtu asiye na uso, kichwa chake ni kitambaa kilichokazwa uzi shingoni. Kitendawili, anasema mtu huyo. Tega, anajibu Mghoi. Kifua changu cheupe kina michirizi hafifu, paji langu lina vistari, nimetoka Ulaya bila mzigo, naruka kunasa nzi na kurudi kijiti kile kile. Nani mimi? Mghoi anamjua, jina limemjaa mdomoni, lakini miaka kumi na miwili amewafokea wanafunzi wasitaje ndege kabla hawajamshika mkononi, na mkaidi ni mkaidi hata ndotoni. Sijakushika, anasema, sitaji. Basi nipe mji. Haya, nakupa Voi. Voi inazimika, ya nchi kavu na ya majini. Nani mimi? Sitaji, chukua Taveta. Barabara inajikunja na kumrudisha pale pale, jua limeshuka hadi utosini, hewa inanuka pamba iliyoungua, na mtu yule anahema upesi upesi. Nani mimi, dada, jua linaniua. Nimesema sijakushika! Nipe mji. Chukua Mwatate, basi, anasema kwa hasira, nani hakutoa miji utotoni, na kulipokucha akaikuta ipo? Mwatate yuko mama yake, anaanika mahindi uani. Mama anainua kichwa kama aliyeitwa, kisha hakuna mama, hakuna ua. Ndani ya kitambaa kile kitu kinapapatika, sauti nyembamba inalia, tsii, na hapo hesabu inamrudia Mghoi. Tisa! Mla-nzi, anapiga kelele, wewe ni mla-nzi!

Yuko kwenye kamba kabla hajajua kama ameamka. Kifuko cha tisa kinaning'inia juani, kimetulia. Anaingiza mkono, anamtoa ndege, mdomo wazi, vistari pajini, anampuliza, anamsihi, samahani mwanangu, samahani, mpaka ndege anajikung'uta na kurukia kijiti kikavu.

Mwachofi, mwenzake wa kazini, anafika na dumu la maji. Dada Mghoi, mbona machozi? Nimeota vibaya, anasema, tukitoka hapa nipitishe Mwatate nikamwone mama. Mwachofi anatua dumu, anamtazama kwa huruma.

Mwatate ndiko wapi, dada?

Juu yao ndege anaruka, ananasa nzi, anarudi kijiti kile kile.