Chuma cha Kunyoshea Misumari

Mume wangu Ammar alikuwa mbishi, Mungu amrehemu, na ubishi ndio uliomuua.

Pale Matondoni alipokuwa akiunda mashua, alikuwa na chuma kinene alichokiokota mikokoni. Alikitumia kunyoshea misumari miaka na miaka. Siku moja Kirimi, askari wa kutegua mabomu, alipita pale, na alipokiona akarudi nyuma. "Mzee, weka nyundo chini. Hili ni kombora la mzinga, la vita vya zamani vya Wazungu. Lilifyatuliwa, halikulipuka."

"Naligonga tangu weye hujazaliwa!" Ammar akacheka.

"Umeligonga ubavuni." Kirimi akaonyesha ncha ya shaba. "Humu mna kipande kizito chenye sindano, na mbele yake baruti kali. Kombora likifyatuliwa, vizuizi vya sindano hufunguka, hubaki springi nyembamba tu ya kukizuia kile kipande. Ncha ikigonga chini, kombora husimama, kile kipande hakisimami. Kinakwenda mbele, sindano inachoma baruti. Kama abiria mashua ikipanda mchanga ghafla. Na springi hiyo sasa ni kutu tupu."

Akasema halihamishiki, litalipuliwa papo hapo. Akazungusha utepe, akaenda Lamu kuleta vifaa. Mashua ya Ammar, kazi ya mwaka mzima, ilikuwa kando yake tu.

Ijumaa, watu wako msikitini, Ammar akalifunga juu ya punda, kitako mbele, ncha nyuma. "Ncha haitagonga kitu," akaniambia. "Nimemsikiza Kirimi vizuri." Nikamshika kanzu, nikalia, nikamwambia mashua itaundwa nyingine. Akanitoa mkono. Walipofika nje ya kijiji punda akashtuka, sijui kwa nini, akaruka mbele.

Kirimi alinieleza baadaye, macho chini. Mashua ikiondoka ghafla, abiria huanguka nyuma. Chuma kilikwenda na punda, kile kipande kikachelewa, na nyuma ndiko ilikokuwa ncha. "Kwa sindano, Bi Amal, ni sawasawa na kugonga chini."

Sawasawa! "Mbona hukumwambia hilo?"

"Sikujua angelibeba." Tena kumbe Kirimi alikuwa anakuja na magunia ya mchanga, kuikinga mashua. Hilo nalo hakumwambia Ammar.

Sasa niko eda, sitoki. Wanaokuja kunipa pole wananiambia alhamdulillahi, mashua ni nzima, haina hata mkwaruzo. Nimewaambia waitie moto. Wanasema ni uchungu, utapita. Upite wapi! Mume wangu waliniletea ndani ya shuka, na aliyeibeba alikuwa mtu mmoja.