Bwana wa Mama Gertrude

Wewe, umewahi kuona majaji watatu wa Ulaya, na majoho yao, wakikaa kitako kuchunguza kama mwanamke wa miaka sabini na moja ameolewa na mjukuu wake?

Basi walikaa. Kosa lilianzia Lubumbashi, kwenye dirisha la viza, pale kijana mmoja mwenye kucha safi kuliko akili alipomuuliza Mama Gertrude nani anamwalika. Mama Gertrude, aliyetoka Likasi alfajiri amejifunga kikwembe chake cha Pasaka, akajibu kama anavyojibu kila siku sokoni Kikula: bwana yangu, Arsène. Likasi nzima inajua kwamba kambo, mama wa mama, humwita mjukuu wa kiume bwana, na mjukuu naye humtania kuwa ndiye mke wake wa kwanza. Yule wa kucha akaandika: mume. Na kwenye fomu palikuwa pameandikwa mjane. Barua ikaja: viza imekataliwa, ndoa ya udanganyifu. Ilikuwa na mihuri miwili, maana ujinga haushibi muhuri mmoja.

Arsène akashitaki hukohuko Ulaya anakoishi. Wakili wake, Maître Ruffin, akampigia Mama Gertrude simu mara tatu kumfundisha majibu. Aseme anakwenda kutembea, siku thelathini, halafu atarudi. Kaburi la Carmen asilitaje kabisa. Carmen alikuwa binti yake, mama yake Arsène. Alifia huko miaka miwili iliyopita, na Mama Gertrude akakaa matanga mbele ya picha tu. Wakili alisema majaji wanaogopa wafiwa, wanadhani mfiwa akiingia harudi kwao. Kumbe hata kulia kuna karatasi zake.

Siku ya kesi Mama Gertrude akaketi ofisini kwa padri, hukohuko Likasi, mbele ya kompyuta, na majaji na wakili wakamtokea kwenye kioo. Jaji wa katikati, uso umekauka kama samaki wa wiki jana, akauliza kupitia kwa mkalimani kama Arsène ni mume wake. Mkalimani mwenyewe aliona haya, akatazama chini.

"Papa juge," akasema Mama Gertrude, "bwana yangu Léon alikufaka zamani. Ule Arsène, miye njo nilimunawishaka matako. Kwenu kule, kambo anamuitaka mujukuu namna gani? Monsieur?"

Mkalimani akacheka kabla ya kutafsiri. Majaji wakanong'onezana, wakapekua makaratasi, kana kwamba wangemkuta kambo humo ndani. Mwishowe yule mkavu akauliza: kama si mume, basi mama huyu anafuata nini huku?

Maître Ruffin, kwenye pembe yake ya kioo, akakohoa. Mama Gertrude alikuwa na majibu yake tayari, ameyakariri hadi kanisani. Akayaona mepesi kama maganda ya karanga. Akavua miwani.

"Apana kutembea," akasema. "Minatafuta kuona fasi kwenye balimuzikaka mutoto yangu Carmen. Niguse ule udongo na mukono yangu."