Rula ya Kitanda cha Nne

Kila asubuhi saa mbili kasoro robo, karani alipita wodi ya wanawake na fomu zake, kalamu ya bluu na kikombe cha chai. Fomu zilitaka kila mgonjwa aulizwe maumivu yake ni kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi. Vitanda vilikuwa arobaini na chai ilikuwa inapoa, kwa hiyo karani alikuwa na njia yake ya mkato. Alisalimia.

“Hujambo, mama?”

“Sijambo, mwanangu.”

Akaandika sifuri. Aliyejibu “sijambo kidogo” alipata moja.

Dawa ya maumivu makali ilikaa kabatini, ofisini kwa daktari mkuu huko ghorofani, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Dawa hiyo ilitolewa kwa aliyeandikiwa saba kwenda juu.

Kitanda cha nne kilikuwa cha Mama Cherehani, aliyeshona sare za shule kwa miaka thelathini. Sasa ugonjwa ulikuwa unamla mfupa wa nyonga. Fomu yake ilikuwa na sifuri kumi na moja, moja kwa kila asubuhi. Muuguzi wa zamu alizihesabu. Mama mzazi wa muuguzi huyo alifia kitanda hichohicho mwaka uliopita, na fomu yake iliishia na sifuri kumi na nne zilizopangika vizuri kama shanga. Muuguzi hakuogopa kifo, maana wodini kifo kilikuwa na zamu yake kama watumishi wengine. Aliogopa zile sifuri.

Asubuhi ya kumi na mbili alimtangulia karani. Alileta rula ya maumivu, ubao mwembamba alioutengeneza mtafiti aliyeleta zile fomu, wenye namba na nyuso zilizochorwa, ya kwanza ikicheka na ya mwisho ikilia.

“Mama, nionyeshe kwa kidole. Leo hatusalimiani.”

“Hee! Umelelewa wapi wewe?”

“Haya, shikamoo.”

“Marahaba. Sijambo.”

“Sijauliza hujambo, mama. Nimeuliza nyonga.”

“Nyonga nayo haijambo.” Jasho lilikuwa limelowesha mto. “Weka mbili.”

“Mbili! Na shuka uliyoing'ata jana mpaka ikatoboka?”

“Kitambaa chenyewe hafifu. Sikiliza, mwanangu. Nikisema tisa, huyu jirani aliyekatwa mguu aseme ngapi? Namba ziko kumi, na sisi tuko arobaini.”

Hakuonyesha kwa kidole. Aliishika rula kwa mikono miwili, kama alivyozoea kushika ya kupimia kitambaa, akafumba macho. Rula ikaanza kurefuka.

Baada ya kumi ikatokea kumi na moja, kwa rangi ileile na mwandiko uleule. Ilipofika ishirini ilikuwa imevuka miguu ya kitanda. Wagonjwa waliokuwa wamesimama waliinua miguu kuipisha, kama wanavyompisha mpiga deki. Ikatoka mlangoni, ikakata kona kushoto kama mtu anayejua njia. Mtafiti, aliyekuja kuchukua fomu zake, alitembea kando yake akisoma namba kwa sauti. Muuguzi alimfuata.

Ukumbini karani aliinua kikombe ili kisimwagike.

“Ya nani hii? Inapita bila kujiandikisha!”

“Ya kitanda cha nne,” muuguzi alisema.

“Wa kitanda cha nne mbona hajambo?”

Rula ilipanda ngazi, ikabisha hodi ghorofani mara tatu.

“Ingia,” alisema daktari mkuu.

Ikaingia. Ikamgusa kifuani, pale pale ulipolala ufunguo, ikamsukuma taratibu mpaka mgongo wake ukafika kabatini.

“Mia moja arobaini na tatu,” alisoma mtafiti. Kisha akaitazama fomu. “Visanduku vyangu vinaishia kumi.”

“Andika kumi,” alisema muuguzi.

Akaandika kumi.

“Karatasi inasemaje?” aliuliza daktari, rula ikiwa bado kifuani.

“Kumi, daktari.”

“Sasa si mngesema tangu mwanzo?” Akavua ufunguo.

Muuguzi alirudi na dawa akifuata rula, huku namba alizozipita zikipungua: mia, hamsini, ishirini. Akachoma sindano. Baada ya robo saa vidole vya Mama Cherehani viliachia ubao, kimoja kimoja, na uso wake ukalegea. Aliyekatwa mguu alianzisha vigelegele, vikapokelewa mpaka kitanda cha arobaini, na Mama Cherehani hakuvisikia kwa sababu alikuwa amelala.

Aliamka alasiri na njaa. Alikula, akaomba uzi na sindano, akashona mfuko wa sare ya muuguzi uliokuwa ukining'inia. “Muuguzi mzima unatembea umechanika! Nilikuwa nakuona siku zote, sema nilishindwa kukaa.” Alipofariki, wiki saba baadaye, alikuwa anamfundisha jirani kupiga pindo, na kwenye fomu yake kumi iliandikwa mara moja tu, ambayo daktari hakuruhusu ifutwe, ili dawa isikatizwe.

Seremala wa hospitali aliikata rula ikabaki na namba zake kumi. Wakati muuguzi anamshikia ubao, ncha ya upande wake iliota urefu wa shubiri moja usio na namba. Seremala alikikata kipande hicho, akampa, naye akakitia kwenye mfuko ulioshonwa. Mbao zilizobaki zilitosha benchi la mapokezi, ambako zamani watu walisimama.

Ni benchi zuri. Halijawahi kujaa, kwa sababu kila anayekaa hulirefusha kidogo.

Jana asubuhi alikaa mzee mmoja, amejishika tumbo.

“Hujambo, baba?” karani alimsalimia.

“Sijambo, mwanangu.”

Karani akaandika sifuri. Benchi likaota shubiri mbili, upande wa ngazini.