Mfereji wa Nyuma ya Choo

Redio ilipotangaza mvua kubwa, mama yangu aliizima akanikabidhi sururu. Kwa heshima zote nilimkumbusha kwamba shule ya bweni inanifundisha kemia, si kuchimba. Akanionyesha ukuta wa nyuma. Mwaka jana maji yalifika dirishani, na ufa yaliouacha unaingia mkono mzima.

"Nelly, yakija tena nyumba hii inalala chini."

Tulitakiwa kuchimba mfereji kutoka nyuma ya choo hadi korongoni, hatua thelathini, na udongo wake kuujaza kwenye mifuko ya kuegemeza ukutani. Siku mbili zilitupa mifuko ishirini na hatua sita. Kisha mama akategua mgongo.

Sasa, huku kwetu Kahama hakuna anayefungia udongo kwenye mifuko bila sababu. Jirani yetu Jilala, baba yake Masalu, ni mchimbaji wa dhahabu. Alikuwa akituchungulia juu ya uzio wa minyaa tangu siku ya kwanza.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama kwa Kisukuma. "Udongo wa wapi huo?"

"Wa nyuma ya choo, baba."

Jilala alicheka kwa adabu, kama mtu aliyedanganywa vizuri.

Kesho yake mifuko ilikuwa kumi na tisa. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, Baba Masalu."

"Marahaba. Habari za mfuko mimi sizijui."

"Sijauliza bado."

Akakohoa. "Ninachojua, udongo wa juu hauna kitu. Hata ukiuosha mara tatu."

"Umeuosha mara tatu?"

"Nimesema hata ukiuosha!" Akanisogelea. "Wewe mtoto mwongo. Likizo iliyopita ulipaka mawe rangi ya dhahabu kunidanganya. Haya, chini kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Ahaa!"

Mbingu upande wa Isaka ilikuwa nyeusi tii. Niliufikiria ukuta wetu, nikaamua, kwa uzito wa shahidi mahakamani, kusema ukweli mtupu.

"Mama alitaka tufike korongoni, kina cha kiuno. Mgongo ndio umetukwamisha."

"Mpaka korongoni? Moja kwa moja?"

"Bila kona."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

Haikupita saa moja, Jilala akatokea na shemeji yake, Edson, kila mmoja na sururu na koleo. Walisema wamekuja kumsaidia mgonjwa. Mama alikodoa macho. Jilala hajawahi kumsaidia hata kubeba ndoo. Walichimba bila kupumzika, kila mmoja akiichunga mifuko ya suruali ya mwenzake. Alasiri walitokea korongoni, mikono mitupu, na matone ya kwanza yakaanza.

Mvua ilishuka kama imetumwa. Maji yalikuja mbio toka mteremkoni, yakafika nyuma ya choo, yakasita, yakageukia mferejini. Ukuta ulibaki umesimama.

"Nimewashtukia!" Jilala alipiga kelele kwenye mvua. "Mlitaka maji yauoshe mchanga, dhahabu ishukie korongoni, mkaiokote wenyewe!"

Akachukua karai akaenda kukaa ukingoni mwa korongo. Edson akamfuata, asije mwenzake akaokota peke yake.

Mama alinigeukia. "Umewaambia nini?"

"Ukweli mtupu, mama."

"Nelly."

"Kweli tena."

Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, na ilionekana wazi kwamba ukuta ndio aliouamini.