Shangazi wa Mlangoni

"Kikapu, mvua, shangazi, shaba, mlango."

Mama aliyataja maneno hayo matano kwa mkupuo mmoja, mikono juu ya mkoba wake, kisha akanigeukia kwa maringo. Daktari akatabasamu. Akasema kumbukumbu ya Mama haina dosari, twende zetu nyumbani.

Mimi nilibaki kitini.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kusomea saikolojia ya tiba, na kila mwanafunzi alitakiwa kutafuta mtu wa kumfanyia mazoezi ya kipimo cha kumbukumbu. Unamtajia maneno matano, unamzungumzisha mengine, kisha unamwomba ayarudie. Mkufunzi alitukanya sana: usitikise kichwa, usiseme "vizuri," usimsaidie hata kwa jicho. Nikamchagua Mama. Alikuwa fundi cherehani asiyejua kukaa bure, kwa hiyo nilimpima huku akishona, pini mdomoni, akiwasengenya wateja wanaonenepa halafu wanalaumu kitambaa.

"Huyu shangazi mbona haondoki?" alinitania jioni moja. "Kila siku yupo mvuani na kikapu chake, anagonga mlango wa shaba. Ndugu zake hawamfungulii?"

Tulicheka sana. Sikujua kwamba kwa hadithi ile alikuwa ameyashona maneno yale mahali ambapo hayatafumuka.

Kisha mambo yakaanza, kidogo kidogo. Aliacha pasi juu ya sketi ya mteja mpaka ikatoboka. Akamshonea bibi harusi gauni lenye mikono miwili ya kushoto, akaapa kwamba mwenye makosa ni bibi harusi. Ndipo nilipombembeleza twende hospitali. Na daktari, kati ya maneno yote ya duniani, akafungua orodha ileile tuliyofundishwa chuoni.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Kuhusu mama wa mganga hawakusema kitu. Nikinyamaza, tungerudi nyumbani na sifa nzuri na ugonjwa wetu palepale. Nikisema, ningempokonya ushindi wake mbele ya mgeni.

"Daktari," nikasema, "maneno hayo ameshayakariri. Mimi ndiye niliyemzoesha. Naomba umpe mengine."

Mama akaukumbatia mkoba wake. Alipewa maneno mapya, wakazungumza habari za vitambaa, kisha daktari akamwuliza. Mama akaangalia dari. Akaangalia dirisha. Mwishowe akanitazama mimi, akitafuta usoni pangu chochote cha kushika, nami nikaukaza uso kama nilivyofundishwa. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama siku ile.

"Kwani kulikuwa na maneno?" akauliza taratibu.

Njiani alitembea mbele yangu, mkoba kifuani. Tulikaribia nyumbani ndipo aliposimama.

"Ungeniachia ushindi ule mmoja, mwanangu."

"Nilitaka utibiwe, Mama."

"Kuna dawa ya kuniponya?"

Sikuweza kumdanganya. "Ya kukuponya hakuna. Zipo za kupunguza mwendo."

"Basi haraka yote ile ilikuwa ya nini?"

Nilikuwa na majibu kutoka vitabuni, mazuri tu: kujiandaa, kupanga, kumlinda na pasi ya moto. Yote ni ya kweli, na leo huwapa watoto wa wagonjwa wangu bila kigugumizi. Siku ile hayakunitoka. Nami sasa nafundisha, na huwakataza wanafunzi kuwafanyia wazazi wao mazoezi. Wao hudhani ni kanuni ya chuo.

Mama aliendelea kwenda, mbali zaidi kila mwezi. Cherehani ikafunikwa. Jina langu likamtoka, kisha lake mwenyewe. Nilikuwa nikienda kumwona baada ya kazi, naketi kando yake kama mtu yeyote aliyepita njia, na nilikuwa nikilia ndani ya gari kabla ya kuondoka.

Mchana mmoja wa siku zake za mwisho nilifika na kikapu cha matunda. Nikasimama mlangoni, sijui nijitambulishe vipi. Mama akainua kichwa, akanitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo nilikuwa nimeshaisahau.

"Shangazi!" akasema. "Siku zote hizo uko nje? Ingia, ingia, mvua itakulowesha."

Nje jua lilikuwa kali. Nikajipangusa mabega, nikaingia.